Mfungua Mkono Alivyobaki Amesimama

Kazi ya kuchangisha ina siri moja tu, na kwa miaka mingi siri hiyo ilikuwa mimi.

Mchangishaji akisimama mbele ya watu na kutoa maneno ya kuyeyusha mawe, watu husikia, hutikisa vichwa, kisha huanza kutazama kucha zao. Haogopi mtu kutoa, anaogopa kutoa wa kwanza. Ndiyo maana tulikuwa na mtu wetu aliyekaa katikati ya watu kama mpita njia, mkono shavuni. Maneno yakiisha, huyo ndiye huinuka na kusema, "Mimi natoa jogoo wangu huyu!" Hapo jirani yake huona aibu akainuka, na wa nyuma akainuka, mpaka wazee wenye magongo wanasukumana. Mtu huyo tulimwita mfungua mkono.

Toka Mkata mpaka Korogwe hakukuwa na mfungua mkono aliyenifikia, na huko si kujivuna, ni kutoa taarifa. Siku moja pale Mkata niliinuka kwa namna ambayo basi lililokwisha kuondoka lilirudi nyuma, abiria wakashuka na kuchangia bati za shule wasiyoijua iko wapi. Jogoo wangu alinadiwa mara nyingi hata akawa anapanda mezani mwenyewe kabla hajaitwa. Kila mara nilimnunua upya kwa fedha yangu halali, maana mfungua mkono asiyetoa kweli ni mwizi.

Msemaji alikuwa mwenzangu mmoja, mtoto wa manamba. Baba yake alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge na hakurudi tena kwao. Mimi ni Mzigua wa Handeni, kwa hiyo tulikuwa watani, na matusi aliyonitukana njiani yangetosha kujaza gari moshi zima. Tulitembea miaka, tukichangishia shule, zahanati, msikiti, kanisa, yeyote aliyetutuma. Tulilala mkeka mmoja na kula sahani moja. Yeye alisema, mimi niliinuka.

Kisha shamba la mkonge karibu na Korogwe likampa kazi ya ukarani, akapata meza na penseli ya kuweka sikioni. Masika ya mwaka huo huo mke wangu akafariki. Mimi ni mtu wa kutia chumvi, kila anayenijua anajua, lakini hilo halikubali chumvi. Alifariki, tukazika, watu wakarudi makwao.

Nilijaribu kuendelea peke yangu. Lakini mfungua mkono bila msemaji ni kifuniko bila chungu. Katika kijiji kimoja nilihutubia, nikamaliza, nikaenda mbio kukaa katikati ya watu, nikaweka mkono shavuni, halafu nikainuka. Akina mama walicheka mpaka mmoja akapakatwa na wenzake. Walichanga, ndiyo, lakini kwa huruma. Nyumbani Handeni nilisonga ugali, na kila siku nilisonga wa watu wawili, maana mkono ulikuwa haujapewa habari. Nilianza kumwamkia mbuzi wa jirani. Asubuhi moja naapa aliitikia.

Ndipo amri ikatoka bomani. Enzi hizo Waingereza bado wanatawala, na bwana shauri alikuwa amechoka na wachangishaji wa uongo waliokusanya vya watu na kupotea. Akasema: wachangishaji wa Handeni na Korogwe waunde chama, chama kiwe na kamati ya watu watatu wa kuwadhamini wenzao. Asiye na kibali chenye muhuri wa kamati hiyo, asinyooshe mkono mahali popote.

Tulikutana Korogwe katika darasa la kuazima, watu kama ishirini. Nikisema mia nitakuwa nimezidisha kidogo. Karani wa boma alikaa mbele na daftari. Pembeni yake kulikuwa na viti vitatu vitupu.

"Nataka majina matatu," alisema. "Mwenyekiti, katibu, mshika fedha. Ni kazi ya kujitolea, mshahara hakuna."

Kucha zikaanza kutazamwa.

Mimi nilitazama vile viti. Nilimaliza shule ya ngumbaru nikiwa na mvi ndevuni, cheti changu kinaning'inia nyumbani juu ya kalenda ya duka, kwa hiyo kuandika naweza. Lakini sitadanganya, sikufikiria chama. Niliona watu watatu kila mwezi wamekaa mezani, chai inamwagwa sahanini ipoe, mmoja anabisha, mwingine anamwambia mwenzake acha upumbavu. Niliona watu watatu wanatoka pamoja kwenda kuwakagua wachangishaji vijijini, wanatembea, wanazungumza. Na kazi ya kuwainua watu waliokaa kimya, duniani nani anaijua kuliko mimi?

Nikainuka.

"Mimi hapa! Naitoa nafsi yangu kwa chama!" Nikanyamaza, mkono juu, kama desturi, nikimngoja wa pili.

Kicheko kilichotoka humo kilipeperusha kunguru wa Korogwe nzima.

"Jamani, leo hakuleta jogoo, kajileta mwenyewe!"

"Mfungua mkono huyo! Nani kakutuma, mzee?"

"Kaa, bwana, kaa. Hapa humpati mtu. Ulivyonyamaza hivyo ndivyo ulivyonyamaza Mkata, nami nilikuwepo."

Nilikuwa nimempelekea mganga hirizi aliyoishona mwenyewe. Katika darasa lile hakuna hata mmoja ambaye hakuwahi kumweka mtu wake katikati ya watu. Waliniona nilivyoinuka wakajua mimi ni chambo, na mchangishaji hagusi chambo cha mwenzake. Nami niliendelea kusimama. Kukaa chini tena kungekuwa kujitoa, na mkono mwingine wa kuinua sikuwa nao.

Karani aliandika jina langu. "Mmoja," alisema. "Wawili niletee kabla ya mwisho wa mwezi. Majina yasipotimia, chama hakuna, na kuchangisha kwenu kumekwisha."

Walinipigia makofi ya dhati, kisha wakatoka mbio kuwahi mabasi. Nilibaki na viti.

Nilianzia Kerenge, kwa mama mmoja wa makamo aliyekuwa akichangisha paa la zahanati. Nilimkuta uani anapepeta mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa. Kunywa uji kwanza, maneno yako yanaonekana yana njaa."

Nilikunywa, kisha nikahutubia. Nilieleza heshima ya kamati, nikaeleza faida kwa vizazi, nikashusha sauti mahali pa kushusha. Alisikiliza bila kuacha kupepeta.

"Vizuri sana," alisema. "Hapo uliposhusha sauti, hapo na mimi hushusha. Sasa nitazame mimi. Unaliona jengo lile? Wagonjwa wananyeshewa, na mwanamume mwenye mabega kama yako ananywa uji."

Nilibeba mchanga kutoka mtoni siku mbili. Jinsi alivyoniingiza katika kazi ile mpaka leo siwezi kueleza. Lakini naweza kusema kwamba siku hizo mbili nilikuwa na furaha, maana tulikuwa watu saba tunabeba, na mchana tulikula pamoja kwenye sinia moja, na mtu akaniambia nisogee kidogo.

Nilipoaga nilimkumbusha. "Mama, na kamati?"

"Jina langu chukua," alisema. "Jina halichoki, halihitaji nauli. Lakini miguu hii Korogwe haifiki. Nina paa mimi."

Kutoka hapo nilipanda milimani mpaka Bungu, kwa mzee aliyesifika kwa kuchangisha huku amekaa. Nilimwamkia kwa Kishambaa changu kibovu, "Onga mshi," akafurahi, akanikaribisha motoni, akanisikiliza mpaka mwisho. Nilishuka siku ya pili bila jina na bila koti. Koti lilikuwa limekwenda kwa yatima. Ukungu wa Bungu ulinikumbatia njia nzima, na sikuwa na mwingine wa kunikumbatia, basi nikauacha.

Akabaki mmoja, yule msemaji wangu. Nilikuwa nimemwacha wa mwisho, na kisa cha kumwacha wa mwisho nilikijua. Tangu msiba sikuwahi kumwendea. Alikuja kuzika, akakaa siku tatu, akarudi kazini. Tangu hapo kila mmoja alimngoja mwenzake.

Nilimkuta ofisini shambani, nyuma yake katani nyeupe imeanikwa mpaka upeo wa macho.

"Mzigua!" alipiga kelele. "Umekuja kutuibia katani?"

"Nimekuja kuona ajabu. Nimeambiwa yupo Mnyamwezi anaweza kukaa mchana kutwa bila mzigo kichwani."

"Kaa, mlafi wewe. Umekonda. Nani amekuficha chakula?"

Nilikaa, na badala ya kumjibu nikahutubia. Heshima ya kamati, faida kwa vizazi. Alinitazama, penseli sikioni.

"Hotuba hiyo nilitunga mimi," alisema nilipomaliza. "Tulikuwa njiani Sindeni, unalalamika viatu. Umetoa neno darasa umetia neno chama. Sasa niambie kilichokuleta."

Nilifungua kinywa. Sababu nilikuwa nayo, naapa, ilikuwa ulimini kabisa. Nikajisikia nasimulia habari za mbuzi wa jirani anavyoitikia salamu. Alicheka akapiga meza. Mimi nikacheka zaidi yake.

Akavuta karatasi. "Andika jina langu. Kamati yenu isife kwa kukosa jina. Ila vikaoni usinitarajie, hapa siku za kazi sitoki, na Jumapili nina watoto."

Nilimshukuru. Nilimshukuru mara nyingi mno, kama mtu aliyepewa alichoomba.

Majina matatu yalifika bomani siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Karani alipiga muhuri. Chama kikawa chama, na vibali vikaandikwa. Wachangishaji walikuja kuvichukua katika chumba nilichopanga karibu na stesheni, nyuma ya duka la nguo. Walinisifu sana kutoka mlangoni.

"Karibu ndani, bwana. Chai ipo."

"Ahsante, mwenyekiti, siku nyingine. Basi linaondoka."

Mabasi ya Korogwe enzi hizo yalikuwa yanaondoka muda wote.

Kikao cha kwanza nilikifungua saa nne asubuhi. Kanuni za boma zilitaka kumbukumbu ziandikwe, nikaandika. Waliohudhuria: mmoja. Waliotoa udhuru: wawili. Nilitoa hoja, nikaipigia kura. Kura ya ndiyo moja, ya hapana hakuna. Kikao hakikuwa na ugomvi hata kidogo, na hicho ndicho kilichoniumiza.

Nikafika mwisho wa ajenda, mahali pa Mengineyo. Kalamu ilisimama hapo muda mrefu. Nilikuwa na haki ya kuandika hakuna, nikafunga. Badala yake mkono wa shule ya ngumbaru uliandika polepole: "Mwenyekiti alieleza kwamba tangu mkewe afariki hana mtu wa kuzungumza naye, na kwamba aliomba uongozi huu kwa sababu hiyo. Wajumbe walisikia." Nikasaini. Kanuni zilitaka pia kila mjumbe apelekewe nakala, nikazinakili mbili kabla sijapata akili. Moja niliipa basi la Kerenge, nyingine lori la mkonge.

Mwezi wa pili nilikaa peke yangu. Kutoka Kerenge lilikuja furushi la mahindi mabichi, bila barua. Kutoka shambani halikuja neno, na nilitamani ardhi inimeze pamoja na kiti.

Mwezi wa tatu, nimekwisha kuandika waliohudhuria mmoja, mlango ukasukumwa. Alikuwa mtani wangu, shati la ofisini, vumbi mpaka kope.

"Mwenyekiti," alisema, "kumbukumbu zako zina kosa."

"Kosa gani?"

"Umeandika wajumbe walisikia. Mimi sikusikia, mimi nilisoma. Hayo si mamoja." Akavuta kiti. "Sema nisikie."

Nilisema. Sikumtaja mbuzi. Nilisema habari za ugali wa watu wawili, na jinsi ninavyochelewa kufika nyumbani kwa makusudi, na jinsi nilivyomkasirikia yeye kwa kupata meza. Hakunitania. Alisikiliza kama nilivyokuwa namsikiliza yeye, mkono shavuni. Nilipomaliza akasema, "Haya. Na mimi nilikuogopa. Sikujua mtani humwambia nini mfiwa siku ya nne."

Tulikunywa chai. Chai ikaisha tukachemsha nyingine. Kisha lori la shamba likapiga honi barabarani, akaondoka.

Mwaka uliofuata walimhamishia shamba la mbali, upande wa Tanga, na kabla ya hapo aliweza kuja mara moja tu tena. Jina lake halikutolewa katika kamati, kwa kuwa hakuna aliyejitokeza kushika nafasi. Nami sikusimama kuwaomba. Kikao kilichofuata nilikifungua saa nne, nikangoja mpaka saa tano, halafu nikasoma kumbukumbu zilizopita kwa sauti, polepole, dirisha wazi.