Nilivyoshuka Babati Kugeuzwa Kope

Nilishuka Babati kwa sababu Baba Paulina, mume wangu, alikuwa amekufa, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuning'oa nywele za kope. Asiyeujua ugonjwa wa vikope atacheka. Acha acheke. Kope zangu za juu zilikuwa zimejikunja kwa ndani, na nywele zake zilikwaruza jicho kila nilipopepesa. Kila Jumamosi mume wangu alikaa mlangoni penye mwanga, akanilaza kichwa mapajani, akazing'oa moja moja kwa kibano. Paulina, mtoto wetu wa pekee, ameolewa mbali, na majirani walikuwa wameacha kuja kwangu. Nilijaribu kujing'oa mwenyewe kwa kupapasa, nikawa natoa nzima na kuacha mbaya. Jicho la kushoto likaanza kuweka ukungu. Mchungaji alipotangaza kwamba Babati kuna daktari anayepasua kope, nikasema liwalo na liwe, kipofu mpweke sitakuwa.

Asubuhi ya kuondoka nilifunga kipande cha sabuni nilichokuwa nimekificha, na vitambaa vilivyochemshwa vya kufungia jeraha, maana miaka ile hospitali haikuwa na kitu. Mafuta nayo yalitafutwa kwa tochi. Lori la mahindi lilipobahatika kupata dizeli, nilipakiwa juu ya magunia.

Kwenye mteremko wa kutoka Mbulu vumbi lilinitesa, nikajifunika kanga uso mzima. Karibu na Babati abiria mmoja akanigusa bega. "Mama, tazama ziwa! Viboko wale!" Nikamjibu kwamba nawaona. Uongo mtupu! Niliona weupe tu.

Jioni nilifika Maisaka kwa Mama Yohana, binti wa mzee wa kanisa letu, aliyeolewa hapo mjini.

"Shikamoo, mama. Pole na safari."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshapoa."

Alinipa ugali wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, na chai isiyo na sukari, akaomba radhi kwa vyote viwili. Kisha akanishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga.

"Mama, kwa daktari utaendaje na macho haya? Atasema hatukutunzi."

Kwetu mtu haendi hospitali mchafu, kama vile haendi kanisani mchafu. Akaniosha uso kwa maji ya moto, akatoa kibano. Sikuwa nimeguswa uso na mtu tangu msiba. Nilitulia kama mtoto anayenyolewa, nikatamani nywele zisiishe. Zilipoisha, nililala vizuri kuliko siku nyingi zilizopita.

Hospitalini, kesho yake, nilikaa benchi moja na mzee mfugaji kutoka uwanda wa Hanang. Kope yake ya chini ilikuwa imelegea na kuning'inia nje, nyekundu, jicho halifungi hata akilala.

"Yako imeingia, yangu imetoka," akasema. "Tungegawana, tungepata watu wawili wazima."

Nilicheka. Daktari akaniita, akanimulika kila upande.

"Mama, umeng'oa?"

"Nimeng'olewa, daktari. Ili nije safi."

Akashusha pumzi. "Kope imegeuka, naona. Lakini nyuzi za kushonea ni chache, na zikiisha sijui zitakuja lini. Naanza na wale ambao nywele zinawakwaruza sasa hivi. Na kwako sioni vizuri ni wapi panapogusa. Rudi zikiota."

Ole wangu! Nimesafiri siku nzima kuponywa, kumbe usafi ndio umenirudisha nyuma. Mama Yohana aliposikia alijishika kichwa, akataka kulia. Nikamwambia anyamaze, hata mimi nilinyoosha shingo kwa furaha.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Mama Yohana na mumewe walitoka mapema kwenda shamba la Singe, watoto shuleni, nami nikabaki kizingitini na kanga machoni, nikingoja nywele ziote. Watu walipita wakisalimiana kwa majina. La kwangu hapakuwa na aliyelijua. Nywele zilipochipua zilikuwa fupi na ngumu, zikachoma kuliko zile ndefu. Mama Yohana alinionea huruma, akakichukua tena kibano. Nikamfukuza. Kila jioni nilimuuliza Mama Yohana, aliyepitia hospitalini akirudi, habari za nyuzi, na kila jioni nilijibiwa kwamba zimepungua.

Siku niliyorudi hospitalini, daktari alinitazama mara moja tu. "Leo zinaonekana." Sindano ya ganzi iliuma hata nikamwita marehemu mama yangu. Baada ya hapo nilisikia kuvutwa tu. Alikata kope kwa ndani, akaigeuza itazame nje, akaishona ishike hapo. La kushoto, kisha la kulia. Yule mzee mfugaji, aliyekuwa bado anangoja zamu, naye kope yake ilikatwa kidogo na kukazwa ili jicho lifunge. Ukungu wangu, daktari alisema, hautaondoka, ila hautaongezeka.

Wakati wa kurudi, nyuzi zikiwa zimetolewa, nilikaa juu ya magunia matupu bila kujifunika. Niliuona mlima Kwaraa. Niliwaona viboko, wabaya kweli, nikawatazama mpaka kona ikawaficha.

Nyumbani majirani wawili walikuja kunisalimu, wakasimama mlangoni. Mmoja akanitazama sana.

"Mungu ni mkubwa, Mama Paulina. Umeacha kumlilia mzee wako."

Nikashangaa. Kwetu mjane anayelia haendewi, anaachwa amalize. Kumbe machozi yaliyonitoka shambani na kisimani waliyahesabu kuwa kilio, wakajiweka mbali kwa heshima. Nami nilidhani wamenichoka! Nilichojifunza safarini ni kwamba maumivu usiyoyasema watu watayapa jina lao wenyewe, na watayaheshimu kwa jina hilo.

"Zile zilikuwa nywele," nikawaambia. "Sikupata hata nafasi ya kumlilia."

Machozi yakaja, ya moto, yakapita machoni bila kuuma. Wale wanawake wakaangaliana, wakageuka kuondoka ili waniache nilie.

"Msiende," nikasema.

Wakaingia, wakakaa.