Kumwachisha Kuniita Mama

Mwaka ule shule zilipofungwa Juni, nilifunika cherehani yangu pale Ilongero, nikabeba turubai, sufuria mbili, ndoo, na watoto wawili wa marehemu dada yangu, tukahamia shambani kwa mama. Shamba liko mbali na nyumbani, na uwele ukishakatwa hauachwi peke yake. Mbuzi wa watu hawana adabu, ndege ndio usiseme. Kwa hiyo kila kiangazi kinapoanza tunalala huko huko mpaka nafaka ipurwe na kupepetwa. Watu wazima wanaona ni taabu, watoto wanaona ni sikukuu.

Wa kiume, aliyekuwa darasa la tatu, alikuwa amewaona skauti shuleni kwao. Akatangaza kwamba pale si shamba tena, ni kambi, na yeye ndiye mkuu wa kambi. Mdogo wake wa kike, wa miaka mitano, akapewa cheo cha askari. Mama yangu akauliza yeye ni nani, akaambiwa yeye ni jiko. Alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi kicheko hakikunijia. Watoto hawakujua, lakini ile ilikuwa kambi yetu ya mwisho. Baba yao, mfanyakazi wa reli kule Itigi, alikuwa ameoa tena na kupata nyumba, na sasa alitaka kukaa na wanawe. Wazee walikaa kikao wakakubaliana: shule zikifunguliwa, watoto watasomea kwa baba yao. Sina baya la kumsema yule bwana. Hakuwahi kusahau matumizi, na kila alipopiga simu aliomba kuongea nao. Angekuwa mlevi, ningepata pa kuielekeza hasira yangu. Kikaoni mzee mmoja alinitazama akasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mdomoni nilikuwa na ya kwangu, kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea, lakini mwanamke ambaye hajazaa akiisema hiyo mbele ya wazee inageuka kuwa utovu wa adabu. Niliimeza pamoja na chai yao.

Dada alituacha binti yake akiwa bado ananyonya. Nilimlea kwa maziwa ya ng'ombe na uji, nikishona sare za watoto wa watu huku nimembeba mgongoni. Alipoanza kusema aliniita mama, wala hakuna aliyemfundisha. Kaka yake, aliyemkumbuka mama yao, aliniita mama mdogo, kama inavyostahili. Nyumbani kwetu niliitikia yote mawili na hakuna aliyeona tatizo.

Siku tuliyofika shambani, watoto wakiwa wanaokota kuni, mama alinikalisha kwenye gunia.

"Huyu mdogo aache kukuita mama," alisema. "Akifika kule akawa analia mama, mama, yule mwanamke atasema tumemfundisha kumkataa. Atakayeumia ni nani? Si mtoto?"

"Ataacha mwenyewe akizoea."

"Mtoto haachi ziwa mwenyewe. Anaachishwa."

Kwetu mtoto wa kuachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi yake, akapewa uji na michezo, mama mtu akabaki nyumbani na maziwa yanayomuuma. Mimi ziwa sikuwahi kumpa, lakini nilimwelewa mama vizuri sana. Niliona pia kwamba ana haki, na hilo ndilo lililonichukiza zaidi.

Nikaanza siku hiyo hiyo. Dawa yangu ilikuwa moja tu, kutoitika. Alikuja akikimbia na panzi mkononi, akaniita mama, mama, tazama. Niliendelea kuchambua mlenda kama kiziwi. Akazunguka akasimama mbele yangu, akidhani sikusikia. Nikamwambia kwamba mimi ni mama mdogo, kama kaka anavyoniita, na kuanzia leo hapa kambini naitwa hivyo. Akasema haya. Panzi alikuwa ameshamponyoka.

Mkuu wa kambi aliidaka ile amri kwa furaha. Akaweka sheria kwamba askari akikosea, anazunguka turubai kwa mguu mmoja. Siku za kwanza yule mtoto alirukaruka kama kuku aliyefungwa mguu, akicheka, akianguka, akikosea tena makusudi ili azunguke. Mama yangu aliniambia kwa Kinyaturu kwamba Mungu anatusaidia. Mimi nilikuwa napura uwele, na siku hizo niliupura vizuri kuliko mwaka wowote.

Na kusema kweli siku zenyewe zilikuwa nzuri, jambo linaloniuma mpaka sasa. Asubuhi kulikuwa na baridi ile ya upepo wa Singida inayopasua midomo, tukawa tunakaa wote wanne chini ya blanketi moja tukingoja uji. Mchana upepo ulitupepetea nafaka, watoto wakasimama upande wa makapi makusudi, wakatoka weupe kama wazee. Jioni tulikula ugali wa uwele kwa mlenda. Mkuu wa kambi alitupanga kwa cheo kabla ya kunawa, na jiko lilikuwa la mwisho siku zote.

Jioni moja tukiwa tunakula, mtoto akaacha tonge hewani.

"Kwani wewe ukiwa mama mdogo, mama ni nani?"

Mama yangu alijibu upesi, "Mama yako yuko Itigi, anakungoja."

"Ananijua?"

"Atakujua."

Aliwaza, kisha akala tonge lake. Mimi niliinuka nikaenda kufukuza ndege, na giza lilikuwa limeshaingia. Hakuna aliyeniuliza ni ndege gani hao. Nililia huko nyuma ya mabua, nikanawa uso kwa maji ya ndoo, nikarudi kuosha vyombo.

Baada ya hapo hakukosea tena. Kaka yake alilalamika kwamba kambi imepooza, hakuna wa kuadhibiwa.

Magunia yaliposhonwa, baba yao alifika na gari la kukodi. Alimwamkia mama yangu shikamoo akiwa amechuchumaa, akaniuliza habari, nikasema nzuri, shemeji. Alikuwa amewaletea viatu vipya. Vya mtoto wa kike vilimbana, kumbe baba alikisia mguu wa mwaka jana. Nilitaka kumcheka, nikashindwa kwa jinsi alivyoona aibu. Mtoto alimwamkia vizuri, akanitambulisha kwa sauti ya darasani: "Huyu ni mama mdogo." Mama yangu alinitazama, akaitikia kwa kichwa. Kazi ilikuwa imekamilika.

Tulikunja turubai. Watoto wakatangulia kwenda garini, yule mdogo amevua viatu amevibeba mkononi, anakimbia kwenye mabua. Mwiba wa mgunga ukamwingia kisiginoni. Alikaa chini palepale akapiga kelele, "Mama."

Sikuwa kiziwi safari hii. Nilitupa nilichoshika nikakimbia, na baba yake naye alikuwa anakimbia, lakini mimi nilifika kwanza. Nikampakata. Machozi yalikuwa yanamchuruzika, mdomo umefunguka kulia tena, ndipo aliponitazama usoni akajizuia. Nilimwona akitafuta neno, maumivu yote yale, mpaka akalipata.

"Mama mdogo," alisema. "Nilisahau."

Niliutoa mwiba, nikamfuta kisigino kwa khanga, nikamwambia hajakosea, amesema vizuri. Kisha nikampa baba yake.