Wingu la Khuê

Kwa miaka ishirini na sita Khuê alitarizi joka la mfalme. Alianza siku chache baada ya kuolewa mjini Hue, na vidole vyake vikazoea hata vikaweza kwenda bila yeye: kila mguu, kucha tano. Kisha akapewa joho la mwanamfalme, ambalo joka lake lina kucha nne.

Mvua ilikuwa siku ya kumi na mbili. Nje ya dirisha mto na mbingu vilikuwa rangi moja, na hariri ya kijivu mbele yake nayo ikawa maji, joka likiogelea humo taratibu. Khuê aliogelea nalo. Wifi yake, Lài, ndiye aliyemwamsha kutoka ng'ambo ya kiunzi cha kutarizia.

"Wifi, hebu hesabu."

"Nihesabu nini?"

"Kucha, wee! Au umeshamtawaza mtoto na baba yake bado hai?"

Khuê akahesabu mguu wa mbele. Tano. Kwa ukucha kama huo mtarizi hufungwa, na mwenye joho huitwa mhaini.

"Fumua upesi, Mzee Toại anakuja adhuhuri!"

"Nikifumua, matundu yatabaki. Yule huinua kila vazi kwenye mwanga."

Alifumua hata hivyo, akabaki akiyatazama matundu. Kisha akatazama nje. Wingu lilikuwa likishuka juu ya mlima, likala kilele, na mlima ukabaki mlima. Khuê akachukua uzi mweupe.

Mzee Toại, msimamizi wa watarizi, alipofika, alihesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne. Halafu akapapasa wingu. Gumba lake likasimama palepale penye matundu.

"Hili halimo kwenye mchoro."

"Mvua imezidi, mzee. Hata joka limejifunika."

Lài aliinama akatafuta sindano ambayo haikuwa imeanguka. Mzee Toại akaondoa gumba, mvua ikinong'ona juu ya vigae.

"Weka jingine mguu wa pili," akasema. "Wingu moja huulizwa limetoka wapi."

Tangu hapo, Khuê akiufikia mguu wa joka huhesabu kwa sauti, kabla macho hayajaanza kuogelea. Na Lài humjibu, "Nne, wifi!" hata joho likiwa la mfalme mwenyewe, mpaka atupiwe kibunda cha uzi.