Lango la Komeo Pembeni mwa Uwanja

Kwa miaka minne chuoni alisimama golini, na mpira ulikuwa haupiti, ndipo wenzake wakambandika jina la Komeo. Alipomaliza masomo goti likamgomea. Akawa kocha msaidizi, na kocha mkuu alipoacha soka ili akafuge nyuki, Komeo akakabidhiwa timu ya wanawake pamoja na filimbi yenye alama za meno ya mtu mwingine.

Shida ilijitokeza mechi ya kwanza. Benchi la makocha liko pembeni, na Komeo maisha yake yote alikuwa ameutazama mpira ukimjia usoni. Kutoka pembeni hakuelewa chochote. Watu walipita kushoto, wakapita kulia, kama foleni ya benki iliyovurugika. Akapiga kelele, "Tokeni, tokeni!" Mabeki wawili wakatoka nje ya uwanja kabisa. Wakapigwa tano bila.

"Sasa utafanyaje, mwanangu?" mama yake alimwuliza jioni ile jikoni.

Komeo alikuwa amesimama mlangoni, mikono imeshika fremu huku na huku. "Hapa ndipo akili yangu inapofunguka, mama. Nikiwa na nguzo kushoto, na nguzo kulia."

"Basi tembea na mlango," mama akasema, akaendelea kusugua sufuria.

Mama alikuwa anatania. Komeo alilichukua kama agizo. Asubuhi akawa karakanani kwa shemeji yake, fundi seremala.

"Shemeji, nitengenezee goli. Dogo, la mtu mmoja."

"La watoto?"

"La kocha."

Fundi akaitoa penseli sikioni, akamtazama. "Na nyavu?"

"Si lazima."

"Goli bila nyavu ni fremu ya dirisha," fundi akasema kwa uchungu wa kazi, na nyavu akaziweka.

Mechi iliyofuata Komeo alilisimamisha mbele ya benchi, akaingia, akatulia tuli. Refa akaja mbio, akafungua kitabu cha sheria, akakipekua mpaka jasho likamtoka. Hakuona palipokataza.

"Lisiguse mstari," akasema kinyonge.

Siku hiyo Komeo aliona kila kitu. "Mrefu, shuka hatua mbili! Nahodha, nyuma yako!" Timu ikapangika kama vyombo kabatini.

Dakika ya themanini, bado bila kwa bila, mshambuliaji wa wageni alizungushwa na mabeki mpaka akapoteza mwelekeo. Akainua kichwa, akaona nguzo mbili na kipa katikati, akaachia kombora. Mpira ukavuka mstari wa pembeni. Komeo hakufikiri, aliruka na suruali yake ya heshima, akaupangua kwa ncha za vidole.

"Kona!" wakapiga kelele wageni wote. "Kipa ameugusa! Kona!"

Wakamzingira refa kumi na mmoja kamili, kipa wao akiwemo. Kutoka katikati ya kundi ukachomoza mkono wa refa: mpira wa kurusha, wenyeji. Mrefu akarusha. Nahodha akaukokota taratibu hadi kwenye goli tupu, akausukumia ndani.

Kamati ya ligi ikamwita Komeo.

"Hilo goli lako limefungwa mara ngapi?" akauliza mwenyekiti.

"Hata mara moja."

Mwenyekiti akaandika hivyo, kisha akalipiga marufuku, maana makocha wengine watatu nao walikuwa wameomba la kwao, na mmoja alitaka la kipimo kamili.

Mechi iliyofuata Komeo alikuja mikono mitupu, akawa anapapasa hewa kushoto na kulia. Wachezaji wawili wa akiba wakamhurumia. Bila kuambiwa wakainuka, mmoja akasimama kushoto kwake, mwingine kulia, wamenyooka kama askari wa gwaride. Refa akatazama, akafungua kitabu, akakifunga.

Wakaenda hivyo wiki kadhaa. Kisha ikaja mechi ambayo majeruhi walikuwa wengi, na Komeo mwenyewe akawaingiza wale wawili uwanjani, mmoja baada ya mwingine, akaendelea kufoka na kuelekeza mpaka filimbi ya mwisho. Ndipo akatazama kushoto, akatazama kulia, akajikuta peke yake kwenye nyasi, bila nguzo hata moja, na timu imeshinda moja bila.

Akakaa chini palepale.