Mkanda Uliosingwa

Shida zangu zilianza mwaka 1974, baba alipokufa nami nina miaka tisa. Shule nikaiacha, ufundi nimejifunza kwa mikono.

Majuzi baiskeli yangu ya injini niliifungia mkanda na puli za skuta, vigurudumu vya mkanda vinavyobadilisha mwendo vyenyewe, ili samaki wa Gazi wafike Galu hawajaharibika. Kwenye mlima wa kwanza injini ikanguruma, gurudumu likagoma. Mkanda nilikuwa nimeupaka mafuta ya nazi, kama nipakavyo mnyororo, nao ukawa wateleza tu kwenye puli.

Mke wangu, niliyempakia nyuma, akashuka na ndoo ya samaki. "Bwana weye, umeusinga kama biharusi, halafu wautaka ufanye kazi?"

Nikaufuta kwa petroli na shati langu. Galu niliingia kifua wazi, samaki wabichi.

Leo nina nyumba ya mawe, minazi, baiskeli ile, na mke wa kunicheka.