Kahawa ya Shamba la Juu

Shamba la juu lina miti ya zamani isiyozaa sana. Baba aliipanda kabla sijazaliwa, mgongoni mwa kilima upande wa Kasulu, mahali ambapo ukungu huchelewa kuondoka na matunda huanza kuiva wakati wenzetu wa bondeni wameshamaliza kuvuna. Bwana shamba aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine ndiye aliyeniambia kwamba baridi ile huifanya punje kuwa ngumu na tamu, na kwamba wapo wanunuzi wanaotafuta kahawa ya namna hiyo, ilimradi isichanganywe na ya mtu mwingine.

Nilimsikiliza, ingawa mwili haukutaka kusikia habari ya kazi nyingine. Baba alitangulia, mama akafuata, nami nikaacha shule kidato cha pili ili wadogo zangu wawili waendelee kusoma. Tangu wakati huo kile kilima kimenila magoti. Mdogo wangu wa kiume, anayeendesha pikipiki Kibondo, alikuwa akinisihi tung'oe kahawa tupande maharage.

"Maharage hayana maringo," alisema. "Kahawa unaibembeleza mwaka mzima kama mkwe, na bado inakununia."

"Ni ya baba."

"Baba hayupo, dada. Uliyepo ni wewe, na unatembea kama bibi."

Hakusema kwa ubaya. Tukakubaliana kwamba mwaka huu tupeleke kahawa ya shamba la juu peke yake. Ikipokelewa, miti itabaki. Ikikataliwa, atakuja na jembe kabla mvua hazijaanza.

Mdogo wetu wa kike, aliyeolewa Kakonko, alikuja kunisaidia. Tulichuma matunda mekundu tu, tukayamenya, tukaziosha punje na kuzianika kwenye vichanja. Zilikuwa zimekaribia kukauka nilipokwenda Manyovu kununua turubai, kwa kuwa la zamani lilikuwa limetoboka. Mvua ikanyesha nikiwa huko, mvua ambayo msimu wake ulikuwa umekwisha kupita. Niliporudi, vichanja vilikuwa vitupu, na mdogo wangu amekaa jikoni akikoka moto, nguo zake zimelowa.

"Usihangaike," aliniambia. "Zote ziko darini. Hata moja haijaloa."

Dari yenyewe ni ya miti, juu ya mafiga. Huko ndiko mama alikoweka mbegu za mahindi na maharage, ili moshi uzuie wadudu. Kwetu kitu usichotaka kukipoteza hukaa hapo. Nilimshukuru, nikajitupa kitandani bila hata kunawa miguu. Kahawa ikabaki juu ya moto mpaka jua liliporudi.

Kwenye ghala la chama cha ushirika, mwonjaji aliyeletwa na mnunuzi alikuwa mama wa makamo mwenye maneno machache. Alipanga vikombe mezani, akawa anavuta kahawa kwa kijiko kwa kelele, kisha anaitema kwenye kopo.

Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa amekuja kutoka Kibondo kusikia majibu, akaninong'oneza, "Mama angekuwepo, huyu angechapwa mwiko."

Sikucheka. Mwonjaji alikuwa amerudi kwenye kikombe chetu. Alionja tena, akatuangalia.

"Hii mliikaushia jikoni?"

"Iliwekwa darini," mdogo wangu wa kike alijibu. "Tunakoweka mbegu."

"Mbegu unaifukia, mwanangu. Hii watu wanainywa." Aliweka kijiko chini. "Utamu wake nauona, upo. Lakini moshi umeufunika. Siwezi kuipitisha peke yake."

Kahawa yetu ikamwagwa kwenye rundo la wote. Njiani mdogo wangu alilia, akawa anajifuta kwa kanga. Nilimwambia kuwa hata mimi, kama ningekuwepo siku ile ya mvua, ningeiweka hapo hapo. Ni kweli. Kaka yake alitembea mbele yetu, hakutania tena.

Alikuja na jembe kama tulivyokubaliana. Alikuwa ameshaanza kufukua mizizi ya mti wa kwanza nilipofika kilimani.

"Kata," nikamwambia. "Using'oe."

"Dada, tulikubaliana."

"Tulikubaliana maharage. Yatapandwa katikati ya visiki."

"Na hivyo visiki, mpaka vichipue na kuzaa, nani atavingoja?"

"Mimi."

"Si umechoka wewe?"

"Nimechoka. Kata kwa mshazari, maji yasituame."

Kisha akaurudishia udongo mti aliokuwa ameufukua, akaukanyaga, akaenda kuazima msumeno kwa jirani. Tulikata kwa zamu, na kilima kikabaki wazi, kimejaa mwanga nisiouzoea. Aliporudi Kibondo alilalamika kwamba mikono yake haishiki vizuri usukani.

Maharage yameota vizuri. Visiki vingine vimekufa, vingi vimechipua, na kila kimoja kimetoa machipukizi mengi kuliko kinavyoweza kulea. Inabidi niyapunguze, niache machache yaliyonyooka. Leo nilifika katikati ya kilima, nikakaa juu ya jiwe, halafu nikashuka kurudi nyumbani. Machipukizi ya upande wa chini nimeshayapunguza; ya juu yatanisubiri kesho.