Raba Iliyobaki kwenye Injini

Kwa miaka sita filta ya injini ya boti yetu haikufunguliwa na mkono mwingine ila wangu. Fundi alikuwa mume wangu. Alijifunza dizeli kwenye karakana ya kiwanda cha sukari kabla hatujahamia Homa Bay, kando ya ziwa, lakini ile filta ilikaa nyuma ya injini, imebanana na ubao, na kiganja chake hakikupita. Changu kilipita. Yeye aliipasha injini moto kwanza, akafyonza oili chafu kwa pampu ya mkono kupitia tundu la kijiti cha kupimia oili, kisha akanipisha. Nililala kifudifudi juu ya mbao nikaizungusha filta bila kuiona. Kabla ya kufunga mpya nilipitisha kidole pale ilipotoka, kwa sababu pete ya raba ya filta ya zamani huweza kung'ang'ania chuma ikabaki. Ukifunga raba juu ya raba, oili yote itaruka nje na injini itakufia katikati ya ziwa, watu wamo ndani. Alinifundisha hilo siku ya kwanza na hakulirudia.

Halafu akafariki, katika ile miaka magugu maji yalipokuwa yakiziba ghuba, na mkono wangu ukageuka kuwa nuksi.

Mimi ni Mkuria niliyeolewa kwa Wajaluo. Kwa desturi ya ukweni kwangu mjane ni chi liel, mke wa kaburi, na mpaka mwanamume wa ukoo amrithi, haruhusiwi kutia mguu katika boti. Nilikataa kurithiwa. Mimi na marehemu tulikuwa Wasabato, na huyo aliyeletwa kunirithi, mdogo wake, tayari alikuwa na wake wawili waliokuwa wakimlalamikia njaa. Wakasema sawa, kaa hivyo hivyo, lakini boti usiiguse. Boti hiyo ndiyo iliyokuwa inawalisha na kuwasomesha wanangu watatu. Hatukuwa na ng'ombe wala shamba la maana.

Huyo shemeji ndiye akawa anaiendesha, akipeleka abiria na mizigo visiwani. Marehemu alizoea kuchora mstari wa chaki ndani ya kifuniko cha injini kila safari; mistari ikifika hamsini, oili inabadilishwa. Shemeji hakuchora kitu. Nikawa nachora mimi, kwenye mlango wa jikoni, kila nilipoisikia injini ikirudi. Ilipofika hamsini nilimwambia. Sitini, nikamwambia tena, naye akanijibu kwamba injini haijui kuhesabu. Ilipofika themanini moshi ulikuwa mweusi tititi. Nikanunua oili na filta mwenyewe, nikaenda ufukoni nikaviweka miguuni pake mbele ya watu.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya soko na abiria walishaanza kukaa.

"Haya, shemeji, badilisha basi," akasema, na wanawake wauza dagaa wa omena wakacheka. Alijua siwezi.

"Nitasimama hapa kwa jiwe," nikamwambia. "Wewe fanya, mimi nitakuelekeza."

Nikasimama juu ya jiwe kama mtoto aliyeadhibiwa. Nikamwambia awashe injini ipate moto kisha aizime, akafanya hivyo. Nikamwambia afyonze mpaka pampu ikohoe hewa, akafyonza, akamwaga ile oili nyeusi majini, palepale watu wanapoteka maji ya kunywa. Nikanyamaza kwa sababu nilitaka amalize. Akapenyeza vidole nyuma ya injini, akatukana, akafunga kamba kwenye filta na kuivuta mpaka ikalegea.

"Angalia kama raba imetoka nayo," nikasema.

"Imetoka."

"Umeangalia?"

"Shemeji, nimesema imetoka."

"Nirushie hiyo filta niione."

Akanitazama. Hata leo naweza kuuchora ule uso. Akaichukua ile filta kuukuu na kuitupa kwa nguvu zake zote, ikazama kwenye magugu. Wanaume wawili wakacheka, naye akafunga mpya, akamimina oili, akawasha, akawaita abiria waliobaki. Kulikuwa na mama mwenye mtoto mgongoni na kuku wawili, na wazee, na watoto wa shule. Walikuwa kumi na saba. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya raba.

Nilishikwa na hasira mpaka masikio yakaziba. Na niseme ukweli, sikuwa nimemkasirikia shemeji peke yake. Shemeji alikuwa mjinga, na ujinga nimeuzoea. Nilijikasirikia mimi, mtu mzima, mwenye kujua, niliyesimama juu ya jiwe nikiomba nionyeshwe kifaa cha injini yangu mwenyewe, kwa kuiogopa desturi ambayo hata si ya kwetu.

Nikavua ndala. Nikaingia majini hadi magotini, nikashika ukingo wa boti, nikapanda.

Waliokaa karibu na injini wakajisogeza mbali nami. Nikazima injini, nikalala kifudifudi mahali pangu pa zamani, mkono ukapita. Oili ilikuwa imeshaanza kutoka, inatiririka moto hadi kwenye kiwiko. Nikafungua filta, nikapitisha kidole, na raba ya zamani ilikuwa hapo hapo, imekauka, imeng'ang'ania. Niliibandua kwa kucha. Nikaiinua juu wote waione, duara jeusi la raba.

"Hii ingewaua," nikasema.

Mama mwenye kuku ndiye aliyeshuka wa kwanza. Wakamfuata wote, mmoja mmoja, bila kunitazama, wakaenda kupanda boti ya jirani iliyokuwa ikivuja tangu Pasaka. Shemeji akashuka wa mwisho. Alisema boti imekwisha, kwamba nimeiua kwa nuksi yangu.

Nikaipaka raba mpya oili kwa kidole, nikafunga filta kwa mkono, nikaongeza oili iliyopungua, nikawasha, nikapima. Haikutoka hata tone. Wanangu walikuwa Migori kwa dada yangu, shule zimefungwa. Nilikuwa nimeshapanda, na sikuona sababu ya kushuka. Nikazunguka Rusinga, nikalala Mbita, na kesho yake nikafika Sori, upande wa Migori, ambako hakuna aliyenijua wala kuniuliza nimerithiwa na nani.

Nilifanya kazi hapo. Nilichora chaki kwenye kifuniko, safari baada ya safari. Nilikuwa nimeshabadilisha oili mara mbili peke yangu siku shemeji alipotokea, amekuja kwa barabara, amevaa koti, na wanaume wawili wa ukoo nyuma yake.

"Tumekuja kuchukua boti," akasema. "Ni ya familia."

"Ichukue," nikamwambia. Nilikuwa ndani, nimekaa kwenye kifuniko cha injini. "Panda uiendeshe mpaka nyumbani."

Akatazama boti, akawatazama wale wenzake. Walikuwa wanaume waliowaambia watu wa Homa Bay kwamba boti ile ina nuksi, na atakayeipanda atazikwa. Walilisema mara nyingi mno. Wakabaki kwenye mchanga, mawimbi yakigusa viatu vyao, nao wakirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine.

Shemeji alisimama pale vile vile nilivyosimama mimi kwenye lile jiwe. Niliwaita abiria wangu, wakapanda mbele ya macho yake, nikawasha injini.